Nilipomwambia Maman Véro Maji ni Safi

Mwanangu, ipo Jumatatu moja ya Brussels ninayoikumbuka mpaka harufu yake: koti langu lililolowa mvua, na kahawa ya maabara iliyochemka mno. Ilikuwa miaka ya tisini, nami msichana wa Lubumbashi niliyekuja kusomea kemia. Nilijiona nimefika.

Kazi yangu ilikuwa kifaa cha kioo, ukubwa wa stempu, chenye mfereji mwembamba kama unywele. Unapitisha tone la maji humo. Likiwa na risasi, yale madini yenye sumu, umeme kidogo sana unapita na kalamu inapanda kwenye karatasi. Nilikipenda, usiniulize. Hata jina nilikipa.

Maman Véro, aliyetunza wazee kule Uccle, pembeni mwa Brussels, na tuliyesali naye kanisa moja, aliniletea chupa ya maji ya kisima cha dada yake Odette, nyumbani Katanga. Watoto wa Odette walikuwa wakiumwa tumbo kila mara, na kwa hofu akaacha kisima chake, akawa anachota mbali. Nilipima Ijumaa, mara moja tu. Kalamu ikatetemeka kama kawaida yake, haikupanda. Jumapili, mbele ya watu, nikasema, "Maman, maji ni safi. Hakuna kitu." Akanikumbatia. Mchana ule ule akampigia Odette simu arudi kuchota kisimani kwake.

Jumatatu sasa. Tonton Ngoy, mjomba wetu sote kwa heshima, fundi wa mashine zetu, mzee wa Likasi aliyeingia Ubelgiji kabla sijazaliwa, aliitazama karatasi yangu.

"Mutoto yangu, ulipima kwanza maji yenye haina kintu?"

"Hapana, tonton."

Akapitisha maji yaliyosafishwa kabisa, kalamu ikatetemeka. Akatia humo risasi kidogo, kiasi kinachotosha kumdhuru mtoto, akapitisha tena. Kalamu ikatetemeka vilevile. Akapanga karatasi tatu mezani, majina ameyafunika kwa viganja.

"Bon. Nionyeshe, maji ya kisima ni gani?"

Nilitazama mpaka macho yakauma. Zilikuwa sawa. Ule mtetemo wa kifaa chenyewe, wataalamu wanauita kelele ingawa hausikiki, ulikuwa mkubwa kuliko sumu niliyoitafuta.

"Donc, haukuona," akasema. "Kusema sikuona na kusema hakuna, ile ni maneno mbili."

Nikamwomba nipime upya kwanza, nikipata jibu la kweli ndipo nimwambie Maman Véro. Kwa kweli nilikuwa naogopa aibu. Akanitazama kwa huzuni.

"Na batoto batakunywa nini, pale unangojea?"

Nilipanda tramu mpaka Uccle nikiwa nalia. Maman Véro alinifungulia mlango akiwa na aproni.

"Maman, nilisema nisichokijua."

"Maji ni mubaya?"

"Sijui. Kifaa changu hakiwezi kuona bado."

Hakunitukana, ingawa ningependa anitukane. Kisha akaomba ruhusa kwa mwenye nyumba, akapiga simu pale pale ukumbini. "Odette, muache kunywa. Hapana, hatujue. Njo maana muache."

Wiki zilizofuata tonton alinifundisha kuwinda mtetemo. Kumbe kulikuwa na kipovu cha hewa mferejini. Kumbe friji ya chumba cha pili ilikuwa ikituchafulia umeme, na mkono wangu mwenyewe pia, kila nilipousogeza karibu na waya. Tulikifunika kifaa kwa mkebe wa biskuti, wa bati, na kalamu ikatulia kama mtu aliyelala. Tulipima maji matupu mara kumi, kisha ya kisima. Ikapanda. Tukarudia, ikapanda. Risasi ilikuwemo.

Odette alikifunika kisima. Watoto walikua, ila yule wa mwisho alichelewa sana kujua kusoma, maana risasi huumiza ubongo wa mtoto. Ni miaka mingi waliyokunywa kabla, au zile siku mbili zangu? Hakuna kifaa cha kuniambia, na sitakudanganya kwamba nimelizoea swali hilo.

Tonton Ngoy hayupo tena. Ninyi wanasayansi wa leo mna mashine zenye macho makali kuliko tulizoziota, lakini kila moja ina mahali inapoishia kuona. Pajue mahali hapo kabla hujafungua mdomo, maana yupo mtu atakayekunywa kwa neno lako. Na ukishakosea, mwanangu, usingoje upate jibu zuri ndipo urudi. Rudi siku hiyo hiyo, mikono mitupu, useme sijui.

Mungu akupe macho mazuri, na akikunyima, akupe ujasiri wa kusema hukuona. Akujalie mtu wa kukuuliza kwa upole pale ulipojiamini mno. Nenda salama, mwanangu. Kazi ya mikono yako isimdhuru mtoto wa mtu.