Aliyekuja Kupiga Mswaki Mahameni

Nilipopangiwa kazi Sumbawanga nilikuwa binti mgeni kutoka Mbeya, mwalimu wa elimu ya watu wazima, na kazi yenyewe ilikuwa ya miguu. Gari la wilaya mara nyingi lilikaa juu ya mawe, halina tairi. Kila nilipotumwa vijijini nilifuatana na muuguzi mmoja wa makamo, Mfipa wa hapo hapo, ambaye alizunguka akifundisha usafi na kupima watoto. Nilimwita dada, ingawa angeweza kunizaa.

Dada alikuwa mkali kuhusu mizigo. Kabla hatujaondoka alimwaga shanta yangu kitandani, akaanza kupunguza. Nyumbani walikuwa wamenitumia tyubu nzima ya dawa ya meno, kitu ambacho siku zile hukukipata hata kwenye duka la ushirika. Aliniambia niiache. Mswaki wangu wa plastiki aliukata mpini kwa kisu, ukabaki mfupi kama kidole. Badala yake alinipa chumvi iliyofungwa kwenye kipande cha kanga, karafuu chache, na uzi wa kushonea wa kupitisha katikati ya meno.

"Ukipanda mlima na shanta," alisema, "hata kijiko kinaanza kukusema."

Safari ile tulikuwa tunakwenda Mtowisa, bondeni. Kabla hatujafika pale uwanda unapokatika na njia kuanza kuteremka, gego langu la chini, lililokuwa limetoboka tangu nikiwa shule, likaamka. Kwanza lilidunda kidogo kidogo. Jioni shavu lilikuwa la moto na sikuweza kutafuna. Mvua ilitukuta hapo hapo, na kijiji kipya cha ujamaa kilikuwa bado mbali, barabarani. Tukaingia mahameni.

Watu wa pale walikuwa wamehamishiwa barabarani kiangazi kilichopita. Nyumba zilikuwa zimesimama bado, lakini milango ilikuwa imeng'olewa ikaenda na wenyewe. Ulezi ulikuwa umejiotea vizingitini. Tulichagua nyumba ambayo paa lake halikuvuja. Dada akanisagia karafuu kwa meno yake mwenyewe, akanishindilia kwenye tundu la jino. Alisema kesho, kwa gharama yoyote, tungefika Mtowisa ling'olewe. Nikasinzia nikiwa nimekumbatia shavu.

Niliamka kukiwa kunapambazuka. Nje, nyuma ya ukuta niliolalia, mtu alikuwa anapiga mswaki. Nilisikia kijiti kikikwaruza meno taratibu, kisha maji yakisukutuliwa, kisha mate yakitemwa. Nikajua ni dada. Nikanyoosha mkono kuvuta blanketi, mkono ukamgusa. Alikuwa kando yangu, ana usingizi. Nikatulia nikisikiliza. Kijiti kiliendelea. Halafu, hatua kidogo kutoka pale, nikasikia kingine kikikwaruza kwa haraka zaidi, na mtu akikohoa kwa sauti ndogo ya kike.

Nikamtikisa dada. Nilimwambia kuna watu nje, wawili, wanapiga mswaki. Aliinuka, tukazunguka ukuta pamoja.

Tulimkuta mzee mmoja. Alikuwa amevaa koti refu lililoloa umande, kata ya maji mkono mmoja, kijiti cha mswaki mkono mwingine. Hakukuwa na mwingine. Hakushtuka kutuona.

"Shikamoo, baba," dada alisema.

"Marahaba. Mmelala kwangu."

Dada akaomba radhi, akaeleza habari ya mvua na jino langu. Mzee akasema hakuna neno, nyumba imejengwa ilaliwe. Akatuelekeza kilipo chungu chake alichokuwa amekificha chini ya nyasi, na mwenyewe akawasha moto ili dada anichemshie maji ya chumvi. Nilipokuwa nasukutua, dada alimwuliza anafanya nini huku wakati kiwanja chake kiko barabarani. Alijibu kwa Kifipa kwanza, kisha akanitazama, akarudia kwa Kiswahili ili nami nielewe.

"Kule nalala tu. Kuamka, naamkia hapa."

Alitueleza kwamba kila alfajiri alitoka kijijini akaja kunawa uso na kupiga mswaki nyuma ya nyumba yake, kisha akarudi kabla watu hawajaenda shamba la kijiji. Mkewe alikuwa amezikwa upande wa pili wa ua, siku nyingi kabla ya kuhama. Walizoea kusimama pale wote wawili asubuhi, yeye pale, mkewe hapa.

"Bado tunapiga wawili," alisema, kama mtu anayesema habari ya mvua.

Dada alinitazama. Nilikuwa nimemwambia ni wawili kabla hatujamwona mzee. Njiani, tukiteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa huku jasho la bonde likianza kututoka, alisema tu kwamba jino likioza huleta homa, na homa humfanya mtu asikie yasiyokuwapo. Nilikubali. Mtowisa jino likang'olewa, nikalala siku kadhaa, uvimbe ukashuka, tukafanya kazi iliyotupeleka.

Tuliporudi tulipita njia ile ile, dada akiwa amembebea mzee chumvi ya bondeni. Mahame hayakuwapo tena. Nyumba zote zilikuwa zimebomolewa na nyasi za mapaa kuchomwa, ili watu wasiendelee kurudi. Hata ua haukuonekana tena ulikuwa wapi. Dada alitembea juu ya majivu akilitafuta kaburi, asiweze kulijua.

Kijijini tulimwulizia, tukapelekwa kwa mkwewe, mke wa mwanawe. Alikuwa anapepeta ulezi. Alisema baba yupo ndani, mzima, anakula. Ila tangu siku aliyokwenda akakuta nyumba iko chini, kila asubuhi huuliza kutakucha lini, na ukimwonyesha jua hageuki kulitazama.

Tuliingia kumwamkia. Alikuwa ameketi kitandani na koti lake. Aliipokea chumvi, akaiweka pajani, hakutujua. Akanigeukia.

"Binti, kumekucha?"

"Kumekucha, baba. Ni mchana."

Akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mtoto aliyedanganywa, akajilaza akageukia ukutani.

Jioni hiyo dada alitakiwa kuwafundisha kina mama usafi wa kinywa. Watu walikusanyika, wakakaa, wakasubiri. Alisimama mbele yao na mswaki mkononi muda mrefu, kisha akaanza kueleza habari za kuchemsha maji ya kunywa.

Mwaka huo huo aliomba kubaki wodini, mjini, akakubaliwa. Mimi niliendelea kuzunguka na wengine. Mara nyingi mvua ilitukuta karibu na mahame, na wenzangu walishangaa nilivyokataa kuingia. Niliwaambia sipendi kunguni, tukaendelea kutembea tukiloa.