Kiganja cha Mwalimu Uulkan

Mwalimu Uulkan alikuwa na mkono hodari na mdomo mkorofi, na kwa miaka kumi na tisa hakujua kwamba mdomo unauharibia mkono kazi.

Kila asubuhi, watoto wakishakung'uta theluji kwenye buti, aliwaita mezani wale sita wasiojua kusoma. Kiganja wazi juu: subirini. Kidole chini ya herufi: tazameni. Ngumi ikishuka: semeni, wote pamoja! Nao walisema, tena kwa makelele, hadi Mkuu wa shule, Shergazy, akawa anachungulia mlangoni kuona nani anapigwa.

Aliyemkosesha raha ni Saikal, mjukuu wa Bi Totukan. Akisema na wenzake, anapatia. Akiachwa peke yake, kimya. Na sikukuu ya kitabu cha alfabeti ilikuwa imebakiza wiki tatu, siku ambayo kila mtoto wa darasa la kwanza husoma ukurasa mbele ya wazazi. Atakayeshindwa atarudia darasa.

"Huyo mpe tu ua ashike wenzake wakisoma," Mkuu akashauri. "Mwakani ataanza upya."

"Ua? Kwani mtoto wa watu ni chombo cha maua?"

Siku hiyo Uulkan hakubandua macho kwa Saikal. Kumbe! Mtoto haangalii herufi hata kidogo, anamwangalia mwalimu mdomoni. Kabla ngumi haijashuka, midomo ya Uulkan ilishaanza kutamka, na Saikal alikuwa akiidaka sauti humo humo. Miaka kumi na tisa! Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Wangapi walishampita hivyo?

Kesho yake akaingia amejifunga shali hadi puani, kama wanawake wanaofuata kondoo kwenye upepo.

"Mwalimu, jino linauma?" watoto wakamcheka.

"Linauma sana. Tazameni kidole."

Siku nne Saikal hakutoa sauti. Ya tano, ngumi iliposhuka, akasema "mmm", herufi ile ile iliyo juu ya kidole, peke yake, wenzake wangali wanawaza. Uulkan akalia ndani ya shali.

Siku ya sikukuu darasa lilinukia maandazi na chai ya maziwa. Saikal akasimama na kitabu, akasoma mstari wa kwanza. Wa pili akakwama. Mkuu akatazama saa. Pale mbele Bi Totukan, asiyejua kunyamaza tangu azaliwe, akamnong'oneza:

"Farasi! Sema farasi, mjukuu wangu, si unaiona picha?"

Nyuma kabisa, Uulkan alikuwa ameuziba mdomo wake kwa mikono miwili.

Saikal hakumtazama yeyote. Aliinua kiganja chake kidogo, wazi, mbele ya uso wa bibi yake. Subiri. Bi Totukan akafyata ulimi, na chumba kizima kikafyata naye. Kidole kikasogea chini ya neno, polepole, mpaka mwisho. Kisha mtoto akakunja ngumi, akaishusha mwenyewe.

"Punda," akasoma.

Na kweli, pichani alikuwa punda.