Taiti za Rangi ya Mwili

Harufu ya majani ya chai yaliyochemka kupita kiasi, bila maziwa wala tangawizi, bado hunikaza taya. Wenzangu wakiisikia hutamani chapati. Mimi naona sufuria kubwa ya pilau juu ya jiko letu la Edmonton, London, na ndani yake miguu miwili mirefu ya taiti ikielea kama ya mtu aliyezama.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa amesharudi zake Moshi, tumebaki mimi na Mama. Mama alifanya kazi kwenye care home, akiwaogesha na kuwalisha wazee wa watu, na kila Jumamosi alinipeleka kucheza baleti katika ukumbi wa kanisa. Kwa nini baleti, sijui. Nadhani aliona mtoto wa mtu akicheza kwenye televisheni ya mzee mmoja kazini, akaamua na wake atacheza. Mle darasani mtoto mweusi nilikuwa peke yangu, na kwa Edmonton yetu ile iliyojaa watu weusi, kulipata darasa la namna hiyo kulihitaji bidii.

Mwalimu wetu tulimwita Miss Hilary. Alikuwa mwembamba, ana shingo ndefu, na aliyapenda mavazi kuliko alivyotupenda sisi. Tutu zake, zile sketi fupi za neti zinazosimama kama sinia kiunoni, alizitundika juu chini ili zisilegee, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuzigusa kabla ya kunawa mikono. Tukitulia, alitusimulia. Zamani, alisema, sketi hizi zilishuka hadi chini ya goti, nyepesi kama moshi, na majukwaa yaliwashwa taa za gesi. Msichana akisogea mno karibu na mwali, nguo ilimshika moto mwilini huku watu wakitazama. Baadaye miguu ikajifunza mambo magumu zaidi, watu wakataka kuiona, sketi zikapanda, zikapanda, mpaka zikafika hapa. Nilimsikiliza mdomo wazi. Nilimpenda kwa hadithi zile, na hilo ndilo lililofanya mambo yaniume zaidi.

Katika onyesho la kufunga mwaka tulipangwa kuwa vipande vya theluji. Kila mtoto alitakiwa aje na taiti za pinki. Kwenye paketi hawakuandika pinki, waliandika rangi ya mwili. Mama aliisoma paketi ile palepale dukani, akautazama mkono wangu, akaisoma tena. Tulipofika nyumbani akabandika sufuria, akamwaga majani ya chai, akazitumbukiza taiti. Alizitoa, akazibana kwenye paja langu zikiwa bado za moto, akalinganisha rangi, akazirudisha.

"I want the pink ones," nilimwambia. Wakati ule Kiswahili nilikisikia tu, kujibu nilijibu kwa Kiingereza.

"Simama vizuri," alisema Mama.

Siku ya onyesho tulikuwa chumba cha nyuma cha ukumbi, kimejaa akina mama na harufu ya dawa ya nywele. Miss Hilary alinifunga tutu yeye mwenyewe, kishikizo baada ya kishikizo, mgongoni. Ndipo akainama kunyoosha neti, akaiona miguu yangu.

"Hizi ni nini?"

"Taiti zake," alisema Mama.

"Niliomba rangi ya mwili."

"Ndiyo. Mwili wake huo hapo."

Miss Hilary alitabasamu, lakini kwa meno tu. Akaeleza, taratibu, kama anayeongea na mtu asiyesikia vizuri, kwamba vazi lile lina historia, kwamba wachezaji wamevaa pinki tangu enzi hizo za taa za gesi, na kwamba mstari wa wachezaji lazima uonekane mmoja. Akafungua droo, akatoa taiti za akiba. Nilinyoosha mkono kuzipokea.

"Rudisha," alisema Mama.

Nikazirudisha.

"Basi hatapanda jukwaani," alisema Miss Hilary. "Na tutu ni mali ya darasa." Akanigeuza kwa bega, akaanza kunifungua vishikizo. Aliharakisha, kucha zikanikwaruza mgongoni.

"Mwondolee mkono mwanangu."

Mama hakupaza sauti. Lakini yule mwalimu alirudi nyuma. Mama akanifungua mwenyewe, bila haraka, akaiweka tutu sakafuni. Ikasimama pale peke yake.

Nilidhani tunaondoka. Mama alinivalisha koti, akanishika mkono, akanipeleka moja kwa moja mpaka safu ya mbele. "Tumekuja kuangalia," alisema, "tutaangalia." Tukaangalia mwanzo mpaka mwisho. Theluji ilipoingia, katikati ya mstari palikuwa na pengo, kama jino lililong'oka, maana wenzangu walikuwa wamezoea kuniachia nafasi. Ukumbi ulipopiga makofi, Mama alikunja mikono. Miss Hilary alisimama pembeni ya pazia akimkodolea macho, na Mama akamkodolea yake. Mimi niliwachukia wote wawili, lakini mwalimu sikurudi kumwona, kwa hiyo chuki yote ilibaki kwa Mama. Kwa muda mrefu nilimjibu kwa "yes" na "no" tu. Nilijua aliniibia jukwaa kwa sababu ya rangi ya soksi.

Mwaka jana nilimpeleka kwenye maonyesho ya mavazi ya jukwaani, huko katikati ya London. Magoti yake yameshachoka, tulitembea polepole. Ndani ya kabati moja la kioo kulikuwa na sketi ndefu ya kale na taiti za hariri za pinki iliyofifia. Maelezo yalisema zilitiwa rangi ile ili miguu ya mchezaji ionekane kama haijavaa kitu. Nilicheka kwa hasira.

"Mama, umeona? Pinki ilikuwa ngozi yao tu. Wewe ndiye uliyefuata desturi!"

"Desturi gani?" aliniuliza. "Nilizipika kwa sababu ulikuwa unapendeza nazo. Angeomba vizuri, huenda ningekuvalisha hizo za kwake."

Nilimpokea mkoba wake.

"Kazini wale wazee walikuwa wanausukuma mkono wangu, nacheka," alisema, macho yake kwenye kioo. "Wananitemea uji, nacheka. Wanauliza kama hakuna nesi mwingine, nacheka. Halafu yule mama akakushika vile. Nikasema, aah, hapa silipwi. Si lazima nicheke."

Akaanza kutafuta kiti. Nilimfuata nikiwa nimembebea mkoba, nikiuona upya uso wake wa siku ile, safu ya mbele. Nilidhani ni uso wa mtu mkali. Nilikuwa na miaka tisa, nisingeweza kujua kwamba alikuwa anapumzika.