Ramani ya Vichuguu

Nilijifunza baiskeli nikiwa na miaka arobaini na miwili. Kabla ya hapo sikuihitaji. Nilikuwa mtunza ghala wa shirika moja la umma hapa Sumbawanga, na kutoka nyumbani Mazwi hadi ghalani nilitembea dakika kumi na nane. Shirika lilipofungwa nilibaki na ujuzi mmoja, niliojifundisha mwenyewe kwa vitabu na kwa kuharibu vitu: kutengeneza redio.

Wakati ulikuwa mzuri kwa kazi hiyo. Maduka ya watu binafsi yalijaa redio ndogo kutoka nje, zilizokuja kwa wingi na kuharibika kwa wingi. Lakini mjini mafundi tulikuwa wengi. Wateja niliowataka walikuwa vijijini, kando ya barabara ya Matai, na ilibidi fundi awafuate. Nikanunua baiskeli nyeusi iliyokwishatumika, yenye keria imara. Nilijipa hadi mwisho wa mwezi. Nikikosa kazi, ningeiuza na kuomba kazi ya ulinzi kwenye duka la mtu.

Mwalimu wangu alikuwa mke wangu. Yeye alikulia Mtowisa, bondeni, na tangu akiwa msichana alibeba mpunga kwa baiskeli ya kaka yake. Alinipeleka uwanja wa mpira asubuhi, kabla upepo haujaanza.

"Kwanza jifunze kupanda," aliniambia. "Mguu mmoja kwenye pedeli, mwingine unasukuma chini, halafu unaurusha."

Mimi nilikuwa na mpango wangu. Niliona kwamba msingi ni kwenda bila kuyumba, na kupanda ni sura ya mwisho, inaweza kusubiri. Kwa hiyo nilipanda nikiwa nimesimama juu ya jiwe.

"Na huko njiani utabeba jiwe lako?"

Nilimjibu kwamba Ufipa haina upungufu wa vichuguu. Siku chache baadaye nilitembea kwa miguu hadi kijiji cha nne, nikaandika kwenye daftari kila kichuguu, kila jiwe na kila ukingo wa mtaro ambapo mtu anaweza kusimama na kuinua mguu. Nikachora ramani. Ningeshuka pale tu ambapo ningeweza kupanda tena. Mpaka leo naamini ilikuwa ramani nzuri.

Kasoro yake ni kwamba haikuonyesha watu. Kwetu, ukimkuta mkubwa wako nawe umepanda baiskeli, unashuka. Unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unamsalimu, unauliza habari za nyumbani na za shamba, naye anakuuliza zako. Hili nililijua tangu utoto. Lakini wazee hawakai kwenye vichuguu. Katika kijiji cha kwanza walikaa kwenye benchi nje ya mashine ya kusaga, mahali tambarare kabisa. Nilipofika hapo mara ya kwanza, mikono imekakamaa kwenye usukani, nilipiga hesabu upesi nikaamua kutoshuka. Nilipaza sauti, "Shikamooni wazee!" bila kugeuza shingo, maana shingo ikigeuka na baiskeli ilikuwa inageuka. Nilifanya hivyo wiki mbili, kwenda na kurudi.

Katika wiki hizo sikupata redio hata moja. Watu walikuja, wakatazama vifaa vyangu, wakavisifu, wakaondoka.

Jibu alikuja nalo mke wangu, ambaye alikuwa akiuza dagaa sokoni.

"Nimejua kwa nini hupati kazi," alisema akitua kapu. "Wanawake wa kijiji cha kwanza wananiambia kuna fundi mmoja wa mjini, ana dharau huyo! Anawapita wazee kama anapita ng'ombe."

"Lakini ninawasalimu."

"Unawapigia kelele, baba watoto. Hawajui kama ni salamu au unaomba njia."

Akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Zilibaki siku sita mwezi uishe.

Kesho yake nilishuka mbele ya mashine. Nililaza baiskeli, nikachuchumaa, nikapiga makofi, nikamsalimu kila mzee peke yake. Walikuwa watatu. Waliitika kwa adabu, bila uchangamfu. Tulipomaliza habari za mahindi nikaaga, nikaanza kuisukuma baiskeli.

"Imeharibika?" aliuliza mzee mwenye kofia ya sufu.

"Haijaharibika, mzee."

"Sasa mbona unaiswaga kama mbuzi?"

Ningeweza kusingizia mnyororo. Nikasema, "Sijui kuipanda. Mpaka nipate kichuguu."

Mzee wa kofia akaikagua baiskeli.

"Kupanda hujui. Kuendesha je?"

"Kuendesha najua. Ndiyo maana nilikuwa sishuki."

Mzee akawageukia wenzake. "Jamani! Sisi tunasema huyu ana majivuno, kumbe anaogopa kushuka! Tumemnunia mtu bure."

Wakacheka hadi mmoja akafuta machozi. Kisha wakasimama wote kunifundisha. Mmoja alisema nianze na mguu wa kushoto, wa pili akasema wa kulia, na mzee wa kofia akashika keria na kuniambia nisiwasikilize hao, hawajapata kuwa na baiskeli. Wanawake waliokuja kusaga waliacha foleni. Nilianguka mara mbili, ya pili juu ya gunia la pumba. Mara ya tano nilirusha mguu, nikakaa, nikaizunguka mashine yote, nikashuka mbele ya benchi na kuwasalimu upya.

"Haya, ngoja hapo," alisema mzee wa kofia. "Yangu inakohoa tangu mavuno."

Alirudi na redio iliyofungwa kwenye kitenge. Wa pili akaikumbuka ya mwanawe. Hadi mchana nilikuwa nazo tano.

Nilizifunga kwenye keria kwa mpira, nikazitazama. Ujuzi wangu wa kupanda ulikuwa na umri wa saa mbili. Nikaisukuma baiskeli hadi Mazwi, nikisimama kwa kila mtu mzima niliyekutana naye. Jioni niliketi mezani, nikaifungua ya mzee kabla hata ya kunawa. Ulikuwa waya mmoja tu uliokatika.