Manjano Yaliyogoma Kumtoka Biharusi

Kosa ni langu peke yangu. Msinitetee, ila na jina langu msiliulize, maana Wawi yote tunajuana!

Kemia nimejifundisha kwenye simu. Skuli niliishia kidato cha nne, lakini nikianza kusoma jambo situlii mpaka nilijue lote. Nikasoma kwamba dawa iliyomo kwenye manjano inaifaa ngozi, tatizo haiyeyuki majini. Ukijipaka, nyingi hubaki juu juu na kuoshwa bure. Kwa hiyo wataalamu huivunja ikawa chembe za nano, ndogo mno hata jicho halizioni, ili ichanganyike na maji na ipenye.

Dada yangu alikuwa karibu kuolewa, na mashavu yamemjaa chunusi. Nikaona siku yangu imefika!

Nikaloweka manjano kwenye spiriti, nikachuja, nikawa nayadondosha kwenye maji ya sabuni huku blenda ya mama inalia. Nikiona kichembe kimoja chini ya gilasi, namwaga uani, naanza upya. Nilimwaga mpaka mbuzi wetu akawa na miguu ya dhahabu! Mwisho nikapata maji safi, hayana hata punje. Kama kweli ni nano, Mungu ndiye ajuaye.

Sikumwambia mtu. Nikayamimina kwenye bakuli la singo, ule mchanganyiko wa manukato wa kumsugulia biharusi, na somo wake aliyekuwa akimfunda, Bi Mize, akamsugua mwali uso, shingo na mikono. Mimi ninayepanga vijiko kwa urefu sikujaribu hata kwenye kidole changu!

Wallahi rangi haikutoka. Sabuni, ndimu, mafuta ya nazi, wapi! Dada aling'aa kama embe.

Asubuhi wakaja wanawake wa upande wa bwana harusi kutoka Chokocho. Shangazi yake, Bi Asya, akamwinua dada kidevu.

"Mwali ana maradhi ya ini huyu!"

"Ni singo tu, dada yangu," mama akasema.

"Singo gani isiyotoka? Mie nimezika mume kwa ini, usin'fundishe!"

Bi Mize akatazama viganja vyake. Njano! "Yarabi, limeshan'ambukiza!" Akaketi chini puu.

Na mimi? Nyuma ya mlango, nimejifunika kanga. Nilinyamaza! Niliogopa kuonekana nimekosea kuliko nilivyoogopa harusi kuvunjika. Dada na Bi Mize wakapelekwa hospitali kutolewa damu, na njiani nikawa nawapepea kama mtu mwema.

Majibu yakaja safi. Bi Asya hakuridhika. "Akapimwe Unguja kwanza," akasema, akachukua simu ili shehe aambiwe asije. Dada akaangua kilio, na hapo ndipo ulimi wangu ukafunguka.

"Ni mimi! Nilitia dawa kwenye singo!"

"Watetea nduguyo," Bi Asya akanijibu.

Nikaleta chupa, nikajimwagia usoni mbele yao wote. Nikakaa, nikanawa kwa sabuni. Njano tupu!

Bi Asya akanizunguka, akanitazama huku na huku, kisha akaweka simu chini. "Haya, harusi ipo. Ila twamchukua yule mmoja tu. Huyu mwengine bakini naye!"

Dada aliolewa akiwa wa njano, na fungate nzima hakupokea simu yangu. Chunusi zilikauka? Mpaka leo sijathubutu kumuuliza.

Jamani, nyinyi mnaojifundisha kama mimi, jaribuni kwenye ngozi zenu kwanza. Na mkiharibu, semeni pale pale, kabla mtu hajatobolewa sindano kwa ajili yenu!