Bernadina na Njia ya Kang'ata

Bernadina wa Ngombezi hakujaliwa kutulia. Alikuwa akianza kumenya mihogo, anainuka kuchungulia barabara, akirudi hajui kisu alikiweka wapi. Basi simu ilipopigwa kutoka Kasulu, Kigoma, kwamba Shangazi Yusta, dada pekee wa marehemu baba yake aliyebaki, yu taabani na anamuulizia, mkoba ulifungwa kabla chai haijapoa. Baba yake aliletwa kama manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Kigoma akiwa kijana, akakata mkonge mpaka akazikwa hapohapo Ngombezi. Hakurudi kwao hata mara moja.

"Shuka Dar," mumewe, Mikaeli, alimshauri. "Ukitaka basi, treni, ndege, vyote utavikuta huko."

"Kigoma iko magharibi. Niipe mgongo safari yangu mwenyewe?"

"Ndivyo njia zilivyo, mke wangu. Wakubwa walikaa Dar, njia zote zikaelekea Dar. Leo wamehamia Dodoma, reli ya umeme nayo imewafuata. Sisi huku ni wa pembeni."

Bernadina hakukubali. Angekata kupitia Mkata, Handeni, Kang'ata na Turiani, atokee Morogoro, aidakie treni hiyo katikati.

Mvua haikumpa nafasi. Mbele kidogo ya Kang'ata basi lilizama kwenye tope, abiria wakashuka na viatu mkononi. Mama mmoja wa pale, Hamisa, alimkaribisha kwake akampa khanga kavu.

"Dada, sisi na Morogoro ni majirani," Hamisa alimwambia akipakua ugali. "Mwanangu anasoma huko. Lakini masika akija likizo anazunguka Chalinze, kama anatoka nchi nyingine."

Bernadina alicheka kidogo, kisha akatoka uani kutafuta mtandao. Akaingia. Akatoka tena. Usingizi ulimpitia mbali.

Asubuhi lori la mahindi lilikuja likitokea upande wa Turiani. Dereva, Sabiri, alitikisa kichwa.

"Mama, huko nimegeuza mwenyewe, daraja limefunikwa na maji. Panda nikushushe Mkata, upate basi la Dar."

Alipanda huku machozi ya hasira yakimtoka. Akaenda Dar, akapanda treni, ikampitisha Morogoro ileile aliyoitaka, akateremka Dodoma na kuunganisha basi la Kasulu. Muda wote miguu yake ilicheza chini ya kiti.

Alimkuta Shangazi hai, amekonda kama ufito. Alizungumza Kiha tupu, lugha ambayo Bernadina hakufundishwa. Binamu yake, Raymond, ndiye aliyetafsiri.

"Anauliza kwa nini baba yako hakurudi."

"Mwambie njia ilikuwa mbali."

Bibi kizee akasema neno fupi.

"Anasema, mbona ilimfikisha huko?"

Bernadina akainuka, akasimama mlangoni, akatazama vilima asivyovijua. Kisha akarudi kuketi kitandani, akaushika ule mkono mwembamba, na mchana kutwa hakuinuka.

Shangazi alifariki siku chache baadaye. Raymond alimwomba abaki mpaka arobaini, naye, kwa mara ya kwanza maishani, akakubali kukaa. Kila jioni alimpigia Mikaeli na kumuuliza kama njia ya Kang'ata imekauka.