Chasisi ya lori la magogo na kitanda cha mama mkwe: yaliyotukuta Kampala enzi za wanajeshi

Wakuu, salaam. Dada zangu pia.

Haya yalinikuta mwenyewe, na sitatia chumvi maana yana ladha ya kutosha.

Ilikuwa miaka ya sabini, nchi iko mikononi mwa wanajeshi. Tulikaa Kyebando. Mama mkwe wangu alikuwa ameumia nyonga, hawezi kukaa kitako, ni kulala tu. Kilio chake kimoja: arudishwe kwao Mbale. Kwenye basi angekaaje?

Mume wangu Idrisa akasema, "Nitamjengea chumba juu ya lori."

Mume wangu, sasa ni marehemu, alikuwa seremala. Mbao alizijua. Magari aliyapenda tu, kama mtu anavyopenda mpira na hajui kupiga danadana.

Gereji moja ya Kawempe ilikuwa na chasisi mbili za kuuza, zenye injini na kichwa cha dereva tu, nyuma hazina bodi. Moja ya lori la magogo, tairi kumi. Nyingine ya kigari cha kusambazia mikate. Hiyo ya mikate Idrisa hakuitupia hata jicho. Alilizunguka lile dude akilipapasa kama bwana harusi.

Nikamuuliza, "Baba Zaina, tunamhamisha mama au tunahamisha Kyebando nzima?"

"Barabara mbovu hizi. Kitu kizito ndiyo comfort."

Wanaume wa humu mnaijua hiyo hoja. Wengine mnayo mpaka leo.

Nikaomba test drive. Tukafunga mbao juu ya chasisi, tukatandika godoro, nikalala mimi kama mgonjwa.

Banange, jamani!

Springi za lori lile zilitengenezwa zikandamizwe na magogo. Bila mzigo hazinesi hata kidogo. Kila shimo lilinirusha juu. Nilirudi gereji nimekumbatia ubao, kitambaa cha kichwa sijui kimeangukia wapi.

Idrisa alicheka mpaka akaegemea tairi. Halafu akalitazama lile godoro. Nadhani alikuwa amemfikiria mama yake. Akasogea polepole kwenye kigari cha mikate, bila kunitazama usoni.

Akakijengea chumba chepesi cha plywood, dirisha na pazia. Tukaondoka.

Karibu na Jinja, roadblock. Enzi zile askari wakilipenda gari lako, unarudi kwa miguu, au hurudi kabisa. Mimi nilikuwa nyuma na mama.

Askari akafungua mlango. "Hii nini? Nyumba iko na tairi?"

Mama mkwe akainua kichwa. "Mwanangu, vumbi linaingia. Ama ufunge mlango, ama uvue viatu uingie."

Nikafumba macho.

Kisha nikasikia kicheko. Akamwambia mwenzake, "Hapana kitu hapa, iko mama na kitanda. Na hii kagari kadogo, tutafanyia nini? Kwenda!"

Nilipochungulia dirishani, nyuma yetu lilikuwa limesimamishwa lori kubwa. Dereva wake alikuwa amekalishwa chini, mikono kichwani. Sikupata kujua yaliyompata. Bado namuombea.

Mama alilala usingizi mpaka Mbale. Tulipofika akakataa kushushwa. Alitaka majirani wote waje kwanza waione nyumba yake.

Nilichojifunza: chasisi ichaguliwe kwa uzito wa kile utakachobeba. Ukubwa wa moyo wa dereva usiuhesabu.

Waliowahi kulazwa nyuma ya lori tupu, karibuni tupeane pole. Na wenye hoja ya comfort waje pia, ila walete godoro lao.